Wimbi la mita moja ziwani si wimbi dogo

Kila Idara ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya upepo mkali Ziwa Victoria, swali lile lile huzuka kwenye fuo za wavuvi za Kenya kama Dunga, Mbita na Usenge: mawimbi ya mita moja nayo ni ya kutishia watu? Mita moja ni kiunoni kwa mtu mzima. Aliyewahi kufika Mombasa ameona bahari ikiinuka mita mbili na vyombo vikiendelea na safari. Basi tahadhari inachukuliwa kuwa maneno ya watu wa ofisini, na mashua zinatoka.

Idara haijakosea, na anayeuliza naye ana hoja. Tatizo ni kwamba urefu wa wimbi, ukitajwa peke yake, haukwambii kama litapindua chombo. Linalopindua ni wimbi lililosimama wima, na mawimbi ya ziwa, hasa ya Ghuba ya Winam, ule mkono wa ziwa unaoingia hadi Kisumu, husimama wima kuliko ya bahari kuu. Ukilielewa hilo, mengi yanayofanywa na mabaharia wakati wa dhoruba, ambayo mengine huonekana kama wazimu, yanaanza kuleta maana.

Tuanze na maneno machache. Noti, na hapa hatusemi za benki, ni kipimo cha mwendo: noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa, hivyo upepo wa noti 20 unakwenda kilomita 37 kwa saa. Kipindi cha wimbi ni sekunde zinazopita kati ya kilele kimoja na kinachofuata. Joshini ni upande unakotoka upepo, na demani ni upande unakoelekea. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma. Demani pia ni jina la kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga. Mabaharia wa pwani hawaoni shida neno moja kubeba mizigo miwili, na hapa pia utaona kutoka kwa sentensi ni ipi inayokusudiwa.

Sasa fikiria barabara ya kutoka Nakuru hadi Mau Summit. Lori linapanda zaidi ya mita 500 na mzigo wake, polepole, bila kumwaga kitu. Lori hilo hilo likikutana na tuta la sentimita 15 kwa kasi, springi inakatika. Mlima ni mrefu kuliko tuta mara maelfu, lakini umetandazwa kwa kilomita nyingi. Wimbi la bahari kuu ni mlima wa Mau, na wimbi la ghuba ni tuta.

Hesabu yake ni nyepesi. Penye kina cha kutosha, zidisha kipindi kwa kipindi, kisha kwa 1.56, na utapata umbali kati ya vilele viwili kwa mita. Wimbi la bahari lenye kipindi cha sekunde 8 lina mita 100 kati ya kilele na kilele. Wimbi la ghuba la sekunde 3 lina mita 14 tu. Yote mawili yakiwa na urefu wa mita moja, mashua ya mita 8 itapanda la kwanza kama inayopanda kilima. La pili litaishika vibaya: nusu ya mita 14 ni 7, kwa hiyo tezi ikiwa juu ya kilele, omo imeshazama bondeni, na kilele kingine kiko mbele kinakuja. Omo haipati muda wa kuinuka, na maji yanaingia juu ya ukingo. Ukingo wa mashua iliyopakiwa samaki, nyavu na watu mara nyingi hauzidi nusu mita juu ya maji.

Ziwa lina sababu zake za kutengeneza matuta. Mawimbi hurefuka yakisukumwa na upepo kwa masafa marefu na saa nyingi. Ghuba ya Winam ina urefu wa kilomita 60 hivi, na dhoruba ya radi huvuma kwa saa moja au mbili, kwa hiyo wimbi halipati nafasi wala muda wa kujinyoosha. Halafu kuna kina. Wimbi huanza kugusa chini maji yanapokuwa na kina cha chini ya nusu ya umbali kati ya vilele. Upande wa Kisumu ghuba ina mita chache tu, kwa hiyo hata wimbi lenye mita 14 kati ya vilele tayari linakwaruza tope. Chini hupungua mwendo, nyuma linasukumwa, na linazidi kusimama.

Tahadhari yenyewe nayo inaficha jambo. "Mawimbi ya mita moja" haina maana kwamba hakuna linalozidi mita moja. Kipimo hicho ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Kati ya mawimbi elfu moja, kubwa kuliko yote hufika mara 1.8 hadi 1.9 ya kipimo. Kwa kipindi cha sekunde tatu na nusu, mawimbi elfu moja hupita chini ya saa moja. Kwa hiyo ukisomewa mita moja, jiandae kwa la mita 1.8 mara moja kila saa, nalo halibishi hodi.

Dhoruba hizi zinatoka wapi?

Nchi kavu ni kama bati, hushika joto upesi na kulipoteza upesi. Ziwa ni kama mtungi. Mchana bati linapochemka, hewa juu ya nchi kavu hupanda, na hewa ya ziwani huvutwa kuziba nafasi, ndio ule upepo wa alasiri unaoingia Kisumu kutoka ziwani na kurudisha mashua za tanga nyumbani. Usiku bati limepoa na mtungi bado una joto, upepo unageuka na kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Wavuvi wa tanga wamelitumia zamu hili kwa vizazi: alfajiri unasukumwa nje, alasiri unarudishwa, hulipii petroli.

Lakini ziwa limezungukwa na nchi kavu pande zote. Usiku upepo huo unatoka Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja na kukutana katikati. Tia mikono yote ndani ya karai la maji na uyasukume kuelekea katikati: hayana pa kwenda ila juu. Hewa yenye unyevu inayopanda hivyo juu ya maji ya joto ndiyo inayojenga mawingu ya radi usiku wa manane. Utafiti ulioongozwa na Wim Thiery, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha jambo la manufaa kwa yeyote anayetoka usiku: radi kali nchi kavu alasiri huashiria dhoruba kali ziwani usiku unaofuata. Anayekwenda kuvua omena kwa taa upande wa visiwa vya Remba au Ringiti, na ameona mawingu yakipasuka kutwa nzima juu ya milima, ameshapata utabiri wake wa kwanza bila redio.

Upande wa ghuba mambo ni tofauti kidogo. Huku adui mkuu ni dhoruba ya alasiri inayoshuka kutoka Nandi na Kericho, nchi ya mvua ya mawe. Hiyo hufika na upepo wa mashariki, yaani kinyume kabisa na upepo wa ziwani uliokuwa ukivuma. Upepo uliokuwa nyuma yako sasa uko usoni, au ubavuni, ndani ya dakika moja.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Wanangojea mvua, na upepo hautoki kwenye mvua, hutangulia. Hewa baridi inayoporomoka kutoka wingu hugonga chini na kutawanyika mbele ya dhoruba, kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Dalili zake: upepo wa kawaida unakufa ghafla, shwari isiyo na sababu, wingu la chini lenye ukingo kama rafu, kisha mstari mweusi juu ya maji na ubaridi shingoni. Mstari mweusi ukiuona, una dakika chache. Kwa radi, hesabu sekunde kati ya mmweko na mngurumo, gawanya kwa tatu, utapata kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na dhoruba inayotembea kilomita 40 kwa saa itakufikia kwa robo saa.

Robo saa hiyo ni ya tanga. Nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na mwendo wake: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Chukua tanga la mita 20 za mraba. Upepo wa noti 10 unalisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 33, kama mtoto anayening'inia. Noti 20, kilo 130. Noti 30, karibu kilo 300. Na uzito huo hausukumi chini kwenye sakafu ya mashua, unasukuma mita kadhaa juu ya maji, ambapo mlingoti unageuka kuwa mtaimbo wa kuing'oa mashua. Ndiyo maana mabaharia husema ukianza kujiuliza kama upunguze tanga, umeshachelewa.

Tanga la pembetatu la vyombo vyetu halipunguzwi kwa kukunjwa upande wa chini na kufungwa vitanzi, kama la yoti, zile mashua za tanga za matembezi na mashindano. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, hushushwa, tanga kubwa likatolewa na dogo likatwekwa, au foromali ikaachwa chini kabisa na tanga likafungwa juu yake kwa kamba kila hatua. Kazi hiyo inataka watu wawili wenye miguu imara, na haifanyiki upepo ukishafika, kwa sababu foromali iliyolegea kwenye mashua inayoyumba huvunja vichwa.

Na demani, ile kamba, haifungwi fundo. Hii ndiyo kasoro inayopindua mashua nyingi za tanga hata bila mawimbi. Baharia aliyechoka huifunga kwenye ubao wa kukalia ili apumzishe mkono, upepo unapiga ghafla, mashua inalala, na fundo lililolowa na kuvutwa kwa kilo mia moja halifunguki kwa vidole. Izungushe mara moja kwenye kigingi, mkono ubaki umeishika. Upepo ukipiga, fungua vidole tu. Tanga litapepea kwa kelele, litatisha, na mashua itasimama wima tena.

Sasa tofauti kati ya mashua ya ziwani na yoti zinazovuka bahari kuu, kwa sababu ushauri wa hizo husambazwa sana na si wote unaofaa huku. Yoti ya bahari ina mkuku, yaani uti wa chini, wa madini ya risasi au wa chuma wenye uzito wa karibu theluthi ya chombo kizima, ina sitaha iliyofungwa kama mtungi, na hata ikilazwa hujiinua. Ndiyo maana inaweza kutulizwa katikati ya dhoruba: tanga dogo la mbele huvutwa upande wa joshini, tanga kuu hulegezwa, na usukani hufungwa ukielekeza omo kwenye upepo. Tanga linasukuma omo nje, usukani unairudisha, na kwa kuvutana huko chombo kinakaa pembeni kidogo ya upepo, kikiteleza taratibu, watu wakinywa chai ndani.

Mashua ya mbao iliyo wazi haina sitaha wala risasi. Ikikaa ubavu kwa mawimbi itajaa. Majaribio yaliyofanywa Uingereza baada ya mashindano ya yoti ya Fastnet ya 1979, yaliyokumbwa na dhoruba kali, yalionyesha kwamba wimbi linalovunjika likiwa na urefu wa asilimia 30 ya urefu wa chombo laweza kukipindua likikipiga ubavuni, na hivyo ni vyombo vilivyofunikwa. Kwa mashua ya mita 8 hiyo ni mita 2.4. Mashua iliyo wazi huangushwa na wimbi dogo kuliko hilo, kwa sababu haisubiri kupinduliwa, hujaa kwanza.

Maji yaliyoingia ni mabaya zaidi ya yanavyoonekana. Sakafu ya mita 6 kwa mita 1.2 yenye maji ya kina cha sentimita 5, yasiyofika hata kifundo cha mguu, imebeba lita 360. Hiyo ni mitungi 18 ya lita 20. Lakini mitungi 18 iliyofungwa ingekaa pale ulipoiweka. Maji haya hukimbilia upande ulioinama, kama abiria sita wanaosimama pamoja na kukimbilia dirisha lile lile. Aliyewahi kubeba karai la maji nusu kichwani anajua: lililojaa halisumbui kama la nusu. MV Nyerere, feri ya Tanzania iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018, na kuua zaidi ya watu 200, haikupinduliwa na dhoruba. Ilikuwa imezidisha watu, nao wakahamia upande mmoja. Katika dhoruba mzigo wenyewe huhama, kwa hiyo samaki, nyavu na watu hukaa chini, katikati, na mtu mmoja hana kazi nyingine ila kufua maji. Ndoo mbili, zote zimefungwa kamba, maana ndoo huponyoka.

Kwa mashua iliyo wazi mkao salama ni omo kuelekea mawimbi, imekingama kidogo tu. Mwenye injini huipunguza mpaka mashua inashika mwelekeo bila kusonga mbele sana. Imani kwamba injini kubwa hupenya dhoruba imeua watu: kwa kasi, omo inaruka kutoka kilele, inatua kwenye bonde, na kuchota maji yote ya wimbi linalofuata.

Asiye na injini, au injini ikizima, hutumia nanga ya kuelea. Haina haja ya kununuliwa. Chukua tanga na foromali yake ndogo, funga kamba tatu, mbili kwenye ncha za mti na moja kwenye pembe ya chini ya tanga, uzikutanishe kwenye fundo moja. Pembe ya chini itundike jiwe ili tanga lisimame ndani ya maji kama ukuta. Toa kamba ya mita 30 hadi 40 kutoka omo. Upepo unaisukuma mashua nyuma, ukuta ule unakataa, na omo inabaki ikitazama mawimbi. Furushi la nyavu hufanya kazi hiyo hiyo kwa ubaya kidogo. Kamba inapopita juu ya ukingo, ifunge gunia au kitambaa na uisogeze kila nusu saa, kwa sababu hukatika palepale inaposuguliwa.

Kukimbia na upepo kunavutia zaidi, na kwa muda mfupi kunafaa. Shida ni kwamba wimbi la sekunde 3 linakwenda kilomita 17 kwa saa. Mashua ikikaribia mwendo huo, hukaa juu ya kilele kama mbao ya kuteleza, usukani unakosa maji ya kushika, tezi inageuka na mashua inalala ubavu. Ukilazimika kukimbia, buruta kamba ndefu nyuma kama kitanzi, ncha zote mbili zikiwa zimefungwa kwenye tezi. Hupunguza mwendo na kuishika tezi mahali pake.

Lakini je, si bora kukimbilia ufuoni? Hili ndilo gumu kuliko yote kuelewesha, na nadhani ndilo linaloua zaidi. Wimbi huvunjika kina kinapofika karibu mara 1.3 ya urefu wake. La mita moja huvunjika kwenye maji ya mita 1.3, na lile kubwa la mita 1.8 kwenye mita 2.3, yaani mbali na ufuo kuliko unavyodhani. Ufuo ulio upande wa demani, ambako upepo unakusukuma, ndio mahali ambapo kila wimbi litavunjika, na utafika hapo bila uwezo wa kurudi. Taa za nyumbani ziko mbele, watu wanasimama ufuoni wakipiga kelele, na mashua inapinduka mita 80 kutoka kwao.

Ghuba ina neema yake: kwa kuwa haina kina, unaweza kutia nanga karibu popote. Kwenye maji ya mita 5, toa kamba ya mita 35 kutoka omo, mara saba ya kina, ili nanga ivutwe kwa mlalo na kuzama kwenye tope. Nanga ya jiwe huburuzika. Ya chuma yenye makucha hushika. Nyuma ya kisiwa kama Ndere au Rusinga kuna utulivu, ila usisahau kwamba upepo wa dhoruba hugeuka, na kivuli ulichojificha saa kumi chaweza kuwa ufuo wa demani saa kumi na moja. Dhoruba nyingi za radi hupita ndani ya saa mbili. Nanga inayoshika kwa saa mbili inatosha.

Kuhusu ile nguzo nyeupe inayoning'inia kutoka mawinguni hadi majini, ambayo watu huipiga picha na kusema inanyonya samaki: bomba lile kwa sehemu kubwa ni wingu, mvuke ulioganda kuwa matone kwa sababu hewa ndani yake imepungua mgandamizo. Maji ya ziwa hurushwa mita chache tu pale chini. Upepo wake hata hivyo unaweza kupindua mashua. Ilinganishe na kitu kilicho nchi kavu nyuma yake. Ikisogea kushoto au kulia, itapita. Ikibaki mahali pale pale huku inanenepa, inakuja kwako: tua tanga, na uondoke kwa kukata njia yake kama msalaba.

Ikipinduka, kaa nayo. Kwenye Fastnet ile ya 1979 vyombo 24 viliachwa na mabaharia wake, na 5 tu ndivyo vilivyozama. Kichwa cha mtu ni kidogo mno kuonekana kati ya mawimbi, tumbo la mashua huonekana. Mbao huelea, lakini injini ya nguvu za farasi 15 ina kilo karibu 40 nayo huvuta tezi chini. Jaketi okozi huvaliwa kabla, maana hakuna anayeweza kufunga vifungo vyake akiwa ndani ya maji yanayovunjika, hata awe muogeleaji wa namna gani. Na mitungi mitupu ya lita 20 iliyofungwa chini ya mbao za kukalia ni bima ya bei nafuu: kila mmoja hubeba kilo 19 hivi, na mtu aliyezama hadi shingoni anahitaji kilo 5 hadi 7 tu za kumshikilia. Kumi huzuia mashua isizame na injini yake. Kabla ya kuifunga, ijaze maji na uilaze ubavu kwa dakika tano. Kifuniko kilichopoteza mpira wake wa ndani kitavuja.